Mgomba Uliozikwa Ubavuni mwa Babu

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa dukani, pale Mtongwe upande wa Likoni, makaburini petu palikuwa na juu na chini. Juu, penye mchanga mweupe na mikorosho, walilala wazee wetu na wake zao. Chini bondeni, penye udongo mweusi unaoshika maji, walizikwa watu wa vita: kwanza wapagazi waliorudi na maradhi kutoka vita vya Mjerumani, kisha askari wa keya, jeshi la Mwingereza, waliorudi kutoka kupigana na Mjapani huko Bama. Nani alianza kuwatenga, sikupata kumjua. Ilisemwa tu kwamba mtu aliyemwaga damu hufuatwa na wenye damu yao hata kaburini, na akizikwa kati ya watu wa salama, wote hukosa usingizi. Maalim Bakari, aliyetuzikia maiti wetu, alisema neno hilo halimo kitabuni. Lakini naye akitoka kuzika bondeni, alirudi nyumbani kwa njia nyingine.

Bibi, mzaa mama yangu, aliliamini hilo, na lilimtesa. Mwanawe wa pekee wa kiume, Mjomba Hamisi, alikuwa keya. Alirudi mzima wa viungo, akawa akishona viatu barazani, mtu wa maneno machache. Bibi aliogopa jambo moja: kwamba mwanawe siku yake ikifika, atatupwa bondeni. Kwa miaka aliwafuata Maalim Bakari na wazee wenzake, akiwasihi wamchimbie juu, ubavuni mwa babu yetu. Walimjibu inshallah, wakabadilisha mazungumzo.

Sisi watoto alituonya, "Ukipita bondeni jua la utosi, ukisikia jina lako, usiitike. Mfu huita mara moja tu. Aliye hai atarudia."

Siku moja nilimpelekea mjomba chakula cha mchana, nisimkute barazani. Jirani akaniambia ameteremka bondeni. Nikafuata kijia, bakuli nimelikumbatia.

"Mishi!"

Nikasimama. Nyasi zilikuwa ndefu, simwoni mtu.

"Mishi! We Mishi!"

Bado nilinyamaza. Alipoita mara ya tatu ndipo nikasema abee, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Mjomba akatokea kwenye majani na panga mkononi, jasho linamtiririka.

"Umekuwa kiziwi?"

"Bibi kasema nisiitike."

Alicheka, jambo nililoliona kwa nadra. "Amekufunza vyema. Ningekuwa maiti kweli, wali ungenipita hivi hivi."

Alikuwa akifyeka makaburi ya wenzake. Alikaa papo hapo akala, kisha akanionyesha kwa kidevu, maana kaburi halionyeshwi kwa kidole. "Huyu Mwachiro. Yule Salim. Hapa katikati ni pangu."

"Lakini Bibi ataka ulale juu, na Babu."

"Najua." Alitafuna kwanza. "Huko juu wataniuliza nilifanya nini Bama. Hawa hawaniulizi, walikuwako."

"Umemwambia Bibi?"

"Nimwambieje, mwanangu? Humwoni anavyonihangaikia?"

Mjomba alifariki uhuru ukiwa unanukia, kwa kifua. Asubuhi ya mazishi Maalim Bakari alisimama mlangoni, akasema, "Mama Hamisi, wazee wameridhika. Vijana wanachimba juu." Bibi, ambaye usiku kucha hakudondosha chozi, ndipo akalia. Wanawake walimkumbatia kana kwamba amepewa zawadi.

Nilipenya katikati yao, nikamwambia maneno ya mjomba. Mama akanifinya. "Nyamaza wewe! Leo ni siku ya maneno hayo?"

Bibi akauondoa mkono wake. "Alikwambia wapi?"

"Bondeni, nilipompelekea chakula."

"Alikuita mara ngapi?"

"Mara tatu."

Akaupapasa mkeka. "Basi alikuwa ni yeye," alisema. Kisha akataka Maalim aitwe.

"Mpelekeni chini."

"Bi mkubwa! Miaka yote hiyo umetuganda, leo kaburi limefika kifuani, wasema chini?"

"Nawataka radhi. Tangu aliporudi ameishi kwangu kama mgeni. Mwacheni aende kwa wenziwe."

Likabaki lile kaburi la juu. Kwetu kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Litadai mtu wa nyumba hiyo. Kwa hiyo wanaume walikata mgomba, wakaulaza ubavuni mwa babu, wakaufukia, huku Maalim Bakari akitazama kando. Ndipo wakambeba mjomba kuteremka naye bondeni.

Leo bondeni pamemezwa na magugu. Wajukuu wakija kutoka Magongo na Kongowea husimama juu, kwenye tuta lililo karibu na babu, wakamsomea Mjomba Hamisi Fatiha. Wanausomea mgomba. Zamani niliwasahihisha kila mara, nikawaongoza hadi chini, nao wakatazama viatu vyao na matope. Sasa nimechoka. Nawaacha wamalize, kisha nateremka peke yangu, kwa kadiri magoti yanavyoniruhusu.

Imani ile sisemi ilikuwa uongo mtupu. Nadhani tuliihitaji. Ilitupa sababu ya kutowakaribia wale watu, tusije tukasikia walichokiona, nao ikawaachia mahali pa kupumzika mbali na macho yetu. Aliyelipia ni Bibi. Alichokiomba kwa miaka alikipata asubuhi ile, akakirudisha kabla ya adhuhuri.

Hakuwahi kuteremka bondeni. Alasiri akimaliza kuswali alikaa mlango wa nyuma, unaoelekea huko, akachambua mchele hata usiokuwa na mawe. Nilikaa naye mara nyingi. Sikumuuliza kitu.