Mgeni wa Jichoni

Imakulata hambusu mtoto mchanga kabla hajamgeuza uso kuelekea mlangoni, kwenye mwanga. Wapo wanaomcheka hapa kijijini kwetu, njia ya Sikonge, eti anakagua watoto kama mnunuzi wa mbuzi. Wacheke. Mimi jirani yake najua anachokitafuta, na naogopa hata kukitaja.

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mzima, kabla hatujahamishiwa vijiji vya ujamaa. Alipoanza kukaa, koroboi ikiwashwa jioni, jicho lake la kushoto lilimeremeta weupe kama la paka. Mama mkwe wake, bibi Kalunde, akapiga vigelegele. Marehemu mumewe, mzee Jilala, aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani, alikuwa chongo tangu utotoni. Kwetu Wanyamwezi mzee hurudi kwa wajukuu, na huja na alama yake. Basi mtoto akaitwa Jilala, akavishwa ushanga mweupe, watu wazima wakamwamkia shikamoo. Nani ampeleke babu hospitali? Jicho likavimba, likatokeza nje, na hakufikisha miaka mitatu tukamzika.

Tukahamishwa, makaburi yakabaki porini. Mwaka uliofuata akazaliwa Apolinaria, na jioni moja weupe ule ukaonekana tena. Bibi Kalunde akaanza kutunga ushanga. Imakulata akamfunga mtoto mgongoni, na mumewe, Masolwa, akawapakia kwenye baiskeli mpaka hospitali ya misheni.

Daktari alisema ni uvimbe, na mbegu yake hupita katika damu ya ukoo. Huenda hata mzee Jilala alikuwa nao, akaponea chupuchupu. Jicho likitolewa mapema, mtoto huishi. Imakulata akauliza habari za yule wa kwanza. Daktari akatazama chini. Nadhani tangu hapo Imakulata hajalala usingizi wa kweli.

Walirudi na Apolinaria akiwa na jicho moja. Bibi Kalunde akamnyooshea mikono.

"Karibu, mume wangu."

"Mama," Imakulata alisema taratibu, "huyo unayemkaribisha ndiye aliyemla mwanangu."

Asubuhi yake bibi alichukua unga wa mtama na maji, akashika njia ya mahame yetu, kule tulikohamishwa, peke yake. Nilimfuata nikihofia fisi. Alilipita kaburi la mumewe bila kugeuka, akapiga magoti penye lile dogo, akamwaga unga wake, akamwomba mtoto radhi.