Njia ya Kwenda Chooni

Nilimwahidi shemeji yangu, mke wa kaka, kwamba sitamwambia mtu. Nilikuwa likizoni nyumbani Genkuru, nikitokea chuo cha uuguzi, naye alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilimkuta nyuma ya jiko ameinama, amebana miguu.

"Shemeji, unaumwa?"

"Mkojo tu. Unachoma."

Choo chetu kiko nyuma ya zizi, na baba hukaa kando ya zizi hilo tangu ng'ombe watoke hadi warudi. Kwetu mkamwana hapiti mbele ya baba mkwe akielekea chooni. Ni aibu isiyohitaji kuelezwa. Kwa hiyo aliubana mkojo, na ili usimzidi, aliacha kunywa maji.

Nilimwambia kwamba mjamzito hapaswi kufanya hivyo, na kwamba mkojo unaochoma ni wa kupimwa. Akacheka.

"Nikinywa, nipitie wapi? Mzee yuko pale kama mlinzi wa mgodi. Na wewe, umesomeshwa ili uje uhesabu mikojo ya shemeji zako?"

Kisha akaacha kucheka. "Usimwambie kaka yako. Usimwambie mtu. Niahidi."

Niliahidi, nikajiona mtu anayeheshimu siri ya mgonjwa kama tulivyofundishwa. Kumbe nilikuwa naitunza aibu yetu.

Siku ya nne alitetemeka kwa homa, ameshika ubavu. Bodaboda ilimbeba hadi kituo cha afya, kaka amemkumbatia kwa nyuma asianguke, nami nikawafuata kwa nyingine. Maambukizi yalikuwa yamepanda hadi kwenye figo, na uchungu ulikuwa umeanza. Mtoto alizaliwa kabla ya jioni, nikiwa mlangoni pa chumba cha kuzalia. Alikuwa wa kike. Hakulia.

Baba alipoelezwa sababu, alinigeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Ningekaa upande mwingine."

Hajawahi kulirudia neno hilo. Shemeji alipona, na hunitania vilevile. Mimi ndiye nisiyepona. Sasa ninafanya kazi wodini, na mara kwa mara, katikati ya kumpima mjamzito, ukimya wa chumba kile cha kuzalia hunirudia hadi nasahau nilichokuwa nikiandika.

Msomaji, kama nyumbani kwako yuko mjamzito, muulize kama anakunywa maji ya kutosha, kama njia ya chooni iko wazi kwake, na kama mkojo unamchoma. Akisema unamchoma, mpeleke akapimwe leo hiihii.