Sauti ya Mama Niliyomficha Dada Yangu

Admin, naomba jina langu lisionekane, huku Tarime tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mwalimu wa shule ya msingi.

Nina dada yangu mkubwa, nitamwita Ghati. Akiwa na miaka kumi na tano alitoroka nyumbani msimu wa ukeketaji. Mama akasema asikanyage tena mji wake. Sasa Ghati anafanya kazi kwenye kambi ya watalii upande wa Natta. Mimi nilibaki, msimu uliofuata nikakeketwa. Miaka yote moyoni nimemlaumu yeye kwa kuniacha.

Mwaka jana mama aliugua, nikamuuguza peke yangu. Asubuhi moja akaniambia, "Washa simu unirekodi, nataka kuongea na Ghati." Akaongea Kikurya kama dakika sita, akipumzika katikati. Alisema Ghati alifanya vizuri kukimbia, aliyekosa ni yeye mama, arudi nyumbani. Akaniagiza nimtumie.

Sikutuma. Niliumia, maana mimi niliyekatwa hakuniomba radhi. Simu ilikuwa imejaa, nikaihamishia sauti hiyo kwenye laptopu na kuifuta kwenye simu. Mama akafariki. Ghati alikuja mazishini, akasimama mbali na kaburi, akaondoka kabla ya chakula. Hata siku hiyo sikumwambia.

Mwezi uliopita laptopu iligoma kuwaka. Fundi wa mjini akaweka Windows upya, akanihakikishia faili zangu ziko salama upande wa D. Nilipofika nyumbani, D ikagoma kufunguka, ikaandika lazima ifomatiwe kwanza. Nikabonyeza kukubali, sikujua kwamba kufomati ni kufuta kila kitu. Ikafunguka tupu.

Nilirudi kwa fundi nalia. "Mwalimu, ungeniletea kabla hujabonyeza," alisema. Akahangaika siku mbili na programu ya kurudisha faili. Picha zikarudi, maandalio ya masomo yakarudi. Sauti ya mama inasema tu, "Ghati mwanangu," halafu inakwaruza mpaka mwisho.

Nikampigia Ghati, nikamweleza kila kitu isipokuwa sababu. Nilisema nilisahau.

"Miezi yote hiyo ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, dada."

"Nitajuaje kama hutungi ili unifariji?"

Akasema Jumamosi anakuja, asikie hicho kilichobaki.

Nikamwambia mama mdogo, ambaye ukimsikia kwenye simu utadhani ni mama. Akanijibu, "Mimi na mama yako sauti ni moja. Nieleze alichosema, unirekodi, mtoto apate amani."

Maneno yatakuwa ya mama kweli, mdomo tu ndio si wake. Lakini nimeshamnyima dada yangu sauti ya mama mara moja, nimpe tena ya kuiga? Na nikimwambia ukweli, kwamba nilimficha kwa wivu na hasira, naogopa ataondoka palepale na sitamwona tena.

Leo ni Alhamisi. Mama mdogo ananisubiri nimpelekee simu. Ndugu zangu, msinionee huruma, niambieni tu: Jumamosi nimpokee dada yangu na kitu gani?