Kipenyo Nilichokiziba

Mwezi uliopita vijana wa mtaa wetu, kaskazini mwa Moroni, waliniomba niwaeleze jinsi majirani walivyoishi zamani, ili na wao wajifunze kujuana. Niliandika hotuba, nikaichana, nikaandika tena, mara sita. Siku ilipofika nikasema naumwa. Wewe nitakueleza ukweli.

Enzi za mamluki, wale Wazungu wa kukodiwa walioishika nchi yetu, mtaa huu ulikuwa mpya: nyumba chache juu ya mawe meusi ya volkano, kila moja na ua wake wa makuti. Bibi yangu alitoka Mutsamudu, mji wa kisiwa cha pili, ambako nyumba zimeshikana na wanawake hupita ya huyu kwenda ya yule bila kukanyaga njia. Wiki ya kwanza tu alichukua panga akatoboa kipenyo kwenye ua wa jirani, bila kuuliza.

Jirani, mama aliyekimbia Madagaska na mumewe watu wetu walipochinjwa kule, alitoka ndani mbio. "Bibi, kule Majunga walianza hivi hivi, kwa kutoboa ua."

"Mimi natoboa nikuletee shelisheli. Kama huli, sema."

Alikula. Baada ya mwezi, kutwa hapo palipita watoto, kuku na harufu ya mkate wa sinia. Hata mumewe, mtu wa kucheka sana, alipitia hapo kuja kusikiliza redio yetu.

Mimi, msichana wa miaka tisa, kipenyo kile kilinikera. Kilikaa upande, kingo zimechanika. Shuleni walisema nyumba yetu imeng'oka jino. Siku moja watu wazima walipokwenda harusini Ntsoudjini, nilisuka makuti mapya, nikayabana vizuri, hata usingejua palikuwa na kitu. Nilijivunia.

Kesho yake asubuhi, kabla mtu hajagundua, askari wa Kizungu na wenzao wa kwetu waliingia kwa jirani. Mumewe alikuwa amewasema mamluki dukani. Alikimbilia kwenye kipenyo. Mimi nilikuwa upande wa pili, nafua. Niliona vidole vyake vikipapasa makuti, vikienda, vikirudi palepale.

"Bibi," aliita kwa sauti ndogo. "Bibi, mlango uko wapi?"

Nilikauka. Hata kuti moja sikulivuta.

Walimkamata hapo hapo uani. Alirudi baada ya wiki tatu, na hakucheka tena. Mkewe aliamini Bibi ndiye aliyeziba, kwa woga. Bibi aliujua ususi wangu, lakini akaibeba lawama yeye.

Jirani akaamua kujenga ukuta wa matofali. Mtaa mzima ulitoka kusaidia, kama ilivyokuwa desturi. Bibi alibeba mchanga kichwani, ingawa mwenye nyumba hakuitikia salamu yake. Nami nilibeba, mdomo nimeufunga. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho niliyouona mtaa huu ukiifanya pamoja.