Nyanya Zilizosubiri Ng'ambo ya Mto

Kijijini Kidete, kwa shangazi yangu, mtandao wa simu hupatikana mahali pamoja tu: kilimani, ng'ambo ya mto Mkondoa. Hata habari za msiba hufuatwa huko. Kwa hiyo kampuni ya kununua mazao ilipomtaka abonyeze simu kuonyesha mahali pa kuchukulia mzigo, alipanda kilimani kama kawaida, akabonyeza. Mfumo ukaamini nyanya zake ziko kule juu maweni.

Mimi nilitoka Kilosa mjini kuja kushuhudia maendeleo. Niliwahi kuisifu mifumo hii katika makala ndefu, iliyosomwa na mimi na mhariri. Mhariri sina hakika naye. Tukakaa shambani na matenga yaliyojaa nyanya za hoteli za Mikumi, zimeiva za kuondoka siku ileile. Lori likatokea. Kilimani.

Mto ulikuwa umefurika. Nikapanda bodaboda, nikazungukia daraja la mbali, nikamkuta dereva anatafuna muhindi wa kuchoma.

"Shikamoo, mzee," akaniamkia.

"Marahaba. Shamba ni lile pale. Unaliona?"

"Naliona. Hata mama namwona, ananipungia kanga."

"Basi tuzunguke."

"Nikitoka kwenye njia niliyopangiwa, Dar wananizimia gari. Juzi wamenizimia nikitafuta pa kuchimba dawa."

"Wapigie."

"Inapokea mashine. Na mashine inajua nimeshafika."

Muda wake wa kusubiri ukaisha tukiwa bado tunabishana. Akaondoka na lori tupu, akaniaga kwa adabu. Nikatema mate.

Dalali wa miaka yote, mwizi aliyekuwa na heshima ya kufika mlangoni, alikuwa ameshajaza gari vijiji vingine. Baada ya siku mbili matenga yakaanza kuvuja maji machachu, nzi wakajaa, uvundo ukaniingia hadi kwenye nywele. Nilizungukia tena daraja la mbali, nikapanda kilimani na simu ya shangazi, ukaingia ujumbe: mkulima hakuonekana mahali alipoahidi, amepunguziwa alama za uaminifu.

Niliporudi nilimsomea shangazi. Akatembea hadi kwa mfugaji jirani, ambaye hakuwa akisalimiana naye tangu ng'ombe wa mfugaji huyo wamalize mahindi ya shangazi.

"Waingize," akamwambia.

"Wote, mama?"

"Wote. Usiwachape, waache wale."

Ng'ombe wakaja wakisukumana kuelekea matenga. Shangazi akanitazama.

"Na wewe msomi, sogea. Unawazibia njia."