Fundi Ndoo: Anayebana maji ya bondeni ili ya mlimani yapande

Saa moja na robo asubuhi, fundi bomba amechuchumaa uani kwa mama mkwe wake, ndoo ya kijani katikati ya magoti. Saa ya mkononi ameivua na kuishika kama mtu anayesubiri yai lichemke. Ndani ya ndoo kuna mstari mwekundu uliochorwa kwa rangi ya kucha. Mstari huo ni lita kumi, si tone zaidi.

Anafungua bomba. Maji yanatoka unene wa kidole, hayaruki wala hayapigi kelele. Yanapogusa mstari anafunga, anaitazama saa, kisha anaandika kiganjani kwa kalamu: 75.

"Juzi sekunde sabini na tano, jana sabini na tano, leo sabini na tano," anasema. "Huku chini sina wasiwasi. Wasiwasi wangu uko kule."

Kule ni juu. Mtaa huu umeparamia mlima kama mbuzi, nyumba thelathini na moja kwenye bomba kuu moja, na kutoka hapa hadi nyumba ya mwisho ni ngazi 186. Saa tatu asubuhi, mkaguzi kutoka makao makuu ya idara ya maji atazipanda zote. Mabomba ya chini yatafunguliwa kwa pamoja, na ndoo itawekwa kwenye bomba la nyumba ya mwisho. Isipojaa lita kumi ndani ya dakika mbili, bomba la mlimani litafungwa moja kwa moja, na nyumba kumi na moja za juu zitashuka kuteka maji barabarani.

Jaribio la kwanza, mwezi uliopita, alishindwa. La tatu halipo.

Nyumba ya mwisho yenyewe ni ya mama yake mzazi.

Fundi huyu ana miaka thelathini na minane, na kumi na minne kati ya hiyo ameitumia katika kazi ya maji. Minane ya mwanzo alikuwa msoma mita, kazi aliyoondoka nayo akiwa na makovu mawili ya mbwa na heshima kubwa kwa wenye mageti. Wateja wanamwita Fundi Ndoo, kwa sababu haendi popote bila ile ndoo ya kijani. Mumewe, dereva wa lori, anasema siku ya harusi walibishana kama ndoo ikae meza kuu.

Wanaoujua mtaa huu tangu zamani wanasimulia kwamba mabomba ya bondeni yalikuwa na nguvu za kutisha. Kuku aliyekatiza mbele ya bomba lililoachwa wazi alikutwa juu ya paa, akiwa ameshaoga. Mwanamume mmoja alisuuza shati lake, na vifungo vikaokotwa kwa jirani. Kama simulizi hizo zilikuwa na chumvi, basi chumvi yenyewe ilishasombwa na maji.

Juu ilikuwa kinyume. Bomba lilikohoa, likapiga chafya, likanyamaza. Katika mdomo wa bomba la nyumba ya mwisho, buibui alilea watoto na wajukuu bila kulowa mguu.

"Dumu la mchukuzi lilikuwa bei ya mikate miwili, na mimi natumia madumu matatu kwa siku," anasema mama yake, fundi cherehani mwenye miaka sabini na mmoja na goti moja bovu. "Yaani nilikuwa nakunywa mikate sita kila siku, na njaa iko palepale."

Dawa aliyoileta binti yake ni ndogo hadi inachekesha. Ni valvu isiyo na usukani wala mkono wa kuzungusha: kipande cha shaba chenye pete ya mpira laini ndani, ukubwa wa kifungo cha koti. Inafungwa mara tu baada ya mita, na baada ya hapo haiguswi na mtu.

Maji yakija kwa nguvu, yanaukandamiza mpira, nao unavimba na kuziba tundu kidogo. Nguvu ikipungua, mpira unalegea na tundu linapanuka. Kwa hiyo presha ipande au ishuke, maji yanayotoka ni yaleyale. Nyumba za chini zikiacha kugugumia zaidi ya haja yao, yanabaki ya kupanda juu.

"Ni kama mtu mwenye adabu kwenye sinia la chakula," Fundi Ndoo anaeleza. "Ukimsukuma ale haraka, yeye ndiyo kwanza anapunguza tonge. Ukimwacha, anakula kawaida."

Alizikuta valvu hizo stoo, ndani ya boksi lililokuwa likitumika kuzuia mlango usijifunge. Zilinunuliwa miaka mingi iliyopita na mtu aliyestaafu bila kuacha maelezo. Fundi alichukua mbili nyumbani, akazijaribu kwa ndoo wikiendi nzima, kisha akaenda kwa meneja wake.

Meneja huyo anaishi bondeni katika mtaa wa pili, na inasemekana huosha gari lake kwa kulielekezea mpira wa maji na kwenda zake kunywa chai. Hakuona tatizo lolote la presha. Hata hivyo, baada ya kufuatwa ofisini mara tisa, aliidhinisha mtaa mmoja tu, na makao makuu yakaongeza sharti la ndoo na dakika mbili.

Valvu thelathini na moja zikafungwa kwa siku sita. Wiki ya kwanza maji yalifika juu, na buibui akahama. Ya pili yakapungua. Ya tatu, siku ya jaribio la kwanza, bomba la mama yake lilitoa kikombe kimoja cha maji na dakika mbili za upepo.

Mkaguzi akafunga daftari lake. Mama akamwambia binti yake asijali, yeye ataishi kwa umande.

"Nilishuka zile ngazi nikiwa sioni vizuri," anakumbuka fundi. "Nilipofika chini, machozi yalikuwa yamekauka, nikaona niendelee na kazi. Nikachukua ndoo, nikaanza nyumba moja baada ya nyingine."

Hakumuuliza mtu swali. Alipima tu. Penye valvu nzima, ndoo ilijaa kwa sekunde sabini na tano. Katika nyumba saba ilijaa kwa sekunde kumi na nne. Wenye nyumba walikuwa wamefungua nati kwa spana za kuazima na kuing'oa ile pete ya mpira, kwa imani kwamba idara imewawekea uchafu makusudi ili wapunjwe.

Pete zenyewe hazikutupwa, kwani mtaa huu hautupi kitu. Moja ilikuwa gurudumu la kigari cha mtoto. Nyingine ilikuwa imekaa chini ya redio iliyokuwa ikiyumba. Kinyozi mmoja alikuwa ameivalisha kwenye mkasi ili usimuumize kidole. Hao wote walizirudisha wakicheka.

Ya saba, aliyoiacha hadi mwisho, ilikuwa nyumba ya kwanza ya mtaa. Kwa mama mkwe.

Mama mkwe ni mjane mwenye miaka sitini na minane, anayefua mazulia ya watu uani kwake, na anayependa maji yenye kelele. Siku valvu zilipofungwa, mkwewe alimsihi kwa methali kwamba haba na haba hujaza kibaba. Alijibiwa palepale: "Hiyo ni ya wenye vibaba, mwanangu. Mimi nina pipa."

Tena yalikuwapo maneno ya mtaani. Watu walisema fundi anawabana wakwe zake ili ampelekee mama yake maji. Kumshtaki mama mkwe mbele ya watu kungeyathibitisha yote, na kungemfukuzisha mezani kwa miaka kumi.

Fundi aliamkia, akaitikiwa, akaomba msaada mdogo: mama amshikie ndoo. Mama akaishika. Bomba lilipofunguliwa, ndoo ilimponyoka, ikagonga ukuta, na maji yakamlowesha kuanzia kilemba hadi ndala.

Fundi akamletea kanga kavu, akaanza kumsimulia habari za nyumba ya juu bila kutaja valvu hata mara moja. Alisema kuhusu goti. Alisema kuhusu mikate sita. Mama mkwe alisikiliza akijifuta, kisha akaingia ndani na kurudi na chupa yake ya chai. Akafungua mfuniko. Pete ya mpira ilikuwa imekaa humo, imeziba vizuri kuliko ya kiwandani.

"Haka kadude nilidhani ni taka, mwanangu," alisema.

"Hata mimi mwanzoni nilidhani hivyo, mama."

Leo fundi anacheka akikumbuka. "Nilisema uongo. Lakini uongo wa kumvusha mama mkwe mto haujawahi kumzamisha mtu." Kesho yake alimletea raba ya chupa, aliyoikata mwenyewe kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, na chai haijavuja tangu siku hiyo.

Idara ilitaka wale saba wapigwe faini. Alikataa. Anasema mtu wa faini anakutii hadi kona ya kwanza. Badala yake aliomba jaribio la pili, na akamkabidhi mama mkwe kazi ya kuwasimamia watu wa bondeni. Hakuna aliyewahi kujua kwamba mama huyo alikuwa jemadari. Tangu hapo amekuwa akipita nyumba hadi nyumba na sufuria ya lita tano, akipima kwa kuhesabu kwa sauti, na jirani aliyechelewa kufungua mlango alihesabiwa hadi mia tatu akiwa bado ndani.

Naye ameona faida yake. Zamani maji yalimpasulia mpira wa kufulia asubuhi na kumkimbia alasiri, mazulia yakiwa na sabuni. Sasa saa mbili na saa kumi ni sawasawa.

Saa tatu kasoro dakika tano, mkaguzi anafika. Ni mwanamume mwembamba, na amekuja na ndoo yake mwenyewe kwa kuwa haamini ndoo ya mtu. Wanapanda. Kwenye ngazi ya mia anasimama kuvuta pumzi na kumtania fundi kwamba mkamia maji hayanywi.

"Hayo ya methali ni ya kunywa, mzee," anajibu fundi. "Haya ni ya kupima."

Juu, mama yake ameketi kando ya cherehani, mikono mapajani. Hakuna nguo inayoshonwa. Mkaguzi anaweka ndoo, anashika saa, anaitikia kwa kichwa.

Fundi anasogea ukingoni mwa ua na kupunga kitambaa chekundu. Kutoka bondeni unasikika mfuniko wa sufuria ukigongwa kwa mwiko, mara tatu. Mabomba thelathini yanafunguliwa.

La thelathini na moja linafunguliwa na mama mwenye nyumba. Linakohoa. Linatema povu, linanyamaza, na kwa muda ambao mtu angeweza kumaliza sala fupi, hakuna kitu. Fundi amefumba macho. Midomo yake inahesabu.

Kisha maji yanakuja. Unene wa kidole, hayaruki wala hayapigi kelele.

"Themanini na tatu," anasema mkaguzi. Anaitazama saa kana kwamba imemsaliti. "Turudie."

Wanarudia. Themanini na mbili. Anaomba sasa itumike ndoo ya kijani. Themanini na tatu. Hapo mkaguzi anatoa daftari, anaandika mistari miwili, anatia sahihi, na kuomba maji ya kunywa.

Mama mzazi anachukua kikombe, anakinga, anampa mgeni kwanza. Kisha anaacha maji yamtiririkie mkononi hadi kwenye kiwiko, na hakuna anayemwambia afunge.

Ni wakati huo mlango wa ua unasukumwa. Mama mkwe ameingia, amelowa jasho, mfuniko wa sufuria kwapani na chupa ya chai mkononi. Hajaja nyumba hii tangu siku ya posa, miaka kumi na mmoja iliyopita. Anashika ukuta hadi pumzi imrudie. Anatazama bomba.

"Maji yenyewe ndiyo haya?" anauliza. "Mbona ya polepole?"

"Ya polepole, mama mwenzangu," anajibu mwenye nyumba, akimsogezea kiti. "Lakini tangu yaje, hayajaaga."

Mama mkwe anakaa. Chai inamiminwa, na haivuji.

Mbele ya Fundi Ndoo kuna mitaa mingine minne yenye nyumba 212, na stoo zimebaki valvu tisini. Anataka idara iagize zilizosalia, na anataka mafundi wanne wafundishwe kupima kwa ndoo kabla ya kufundishwa kushika spana. Karatasi ya mkaguzi ameikunja na kuitia ndani ya kofia, ambako anasema haitalowa.

Anakaa kwenye ngazi ya juu kabisa, anatoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha, na kuanza kuupaka upya mstari wa lita kumi, ambao umeanza kufutika. Mtaa wa pili anauanza Jumatatu, saa moja asubuhi, kuanzia bondeni. Nyumba ya kwanza ni ya meneja wake.

Anaulizwa kama meneja ana habari.

"Atazipata nikibisha hodi," anasema, na kuupuliza mstari mwekundu ukauke.