Miaka Aliyoilala Bibi

Kila siku baada ya chakula cha mchana bibi na mjukuu wake walikwenda kulala, tena kwa uzito wa watu wanaokwenda kazini. Pazia lilivutwa. Simu ilifukiwa chini ya mto wa tatu, ambao haukuwa na kazi nyingine, ili ikilia ijililie yenyewe. Viatu vilipangwa mlangoni, vikubwa kwa vidogo, pua zikitazama nje, kana kwamba usingizi ni jengo linaloweza kushika moto wakati wowote. Kisha wawili hao walipanda kitandani, mjukuu upande wa ukuta ili asianguke, bibi upande wa nje ili kama ni kuanguka aanguke yeye. Mjukuu, ambaye alikuwa hajaanza shule lakini alikuwa na msimamo kuhusu mambo mengi, alijifunika shuka hadi kidevuni na kusema:

"Haya. Mama alipokuwa mdogo."

Halikuwa ombi. Alikuwa anafungua kikao. Bibi alimwita Wakili, kwa sababu hakuna neno lililompita bila kuhojiwa. Bibi akisema paka wa enzi hizo alikuwa mweusi, aliulizwa mbona juzi alikuwa wa kijivu. Bibi akajibu kwamba paka yule alikuwa mweusi kabla ya kuoga. Wakili alilitafakari jibu hilo, akalipokea shingo upande, na kesi ikaendelea.

Wakati huo chumba kilikuwa kama kimezamishwa ndani ya chai. Pazia lilikuwa la kahawia, na jua la alasiri lilipopenya, kuta, shuka na mashavu ya mtoto vyote viligeuka rangi moja ya upole. Nje mtu alikuwa akigonga bati kwa nyundo, bila haraka, na kila pigo lilifika chumbani likiwa limechoka. Mkono wa mtoto, wenye joto kama kitu kilichoepuliwa sasa hivi, ulitulia juu ya tumbo la bibi. Bibi alikuwa ameishi maisha marefu yenye kazi nyingi, na hakuwahi kupata kazi iliyomfaa kama hii ya kuwa mto.

Tatizo lilikuwa moja tu. Hadithi zake zote zilikuwa za uongo.

Miaka yote watoto wake wawili walipokuwa wakikua, bibi alifanya kazi katika kiwanda cha mikate, zamu ya usiku. Nafasi yake ilikuwa kwenye meza ndefu mbele ya tanuri. Vyombo vya bati vilipotoka, yeye aliipindua mikate, akaipiga makalio kidogo kusikia kama imeiva, akaipanga kwenye trei ipoe. Asubuhi mji mzima ulikula kazi ya mikono yake bila kumjua, jambo ambalo hakulinung'unikia. Mkate hautiwi sahihi. Alirudi nyumbani watoto wakiamka, akawanywesha chai, akawasukuma shuleni, akaanguka kitandani. Waliporudi mchana alikuwa bado amelala. Alipoamka jua lilikuwa linaaga. Alipika, akakagua masikio na kucha, mumewe, fundi wa redio, akaingia, naye akatoka. Walipokezana nyumba kama walinzi wa lango: salamu, hali ya watoto, kwaheri. Ndoa hiyo ilidumu bila ugomvi hadi mume alipofariki, kwani ugomvi unataka watu wawili walio macho kwa wakati mmoja. Na bibi alipostaafu, wenzake walimuaga kwa keki ambayo, kwa sababu ambazo hakuna aliyezieleza, ilinunuliwa kwingine.

Kwa hiyo mjukuu alipoanza kuuliza mambo ya zamani, bibi alifungua kabati la kumbukumbu na kukuta humo mto na shuka. Wanawe walikuwa wamekulia upande wa pili wa kope zake. Alijua walivyokuwa asubuhi, wakiwa na matongotongo, na jioni, wakiwa na vumbi. Katikati, pale ambapo ndipo hasa watoto wanapokuwa watoto, hakuwa na kitu.

Alianza kwa kutia chumvi kidogo, jambo ambalo kwa mtu wa mikate si dhambi. Baadaye akaoka mikate mizima. Katika hadithi zake bibi alikuwa macho wakati wote. Alikimbia, alisuka nywele za binti yake kibarazani, alijificha nyuma ya milango, alicheka hadi akakaa chini. Alizisimulia mara nyingi kiasi kwamba yeye mwenyewe alianza kuziona akifumba macho, na baadhi yake zilimpendeza kuliko mambo aliyoyafanya kweli.

Alichoogopa ni kimoja, kwamba binti yake angesikia. Binti, mama yake Wakili, aliishi humo humo, katika nyumba aliyokulia. Mumewe aliendesha malori ya safari ndefu na alionekana nyumbani kama mgeni anayejua vikombe vinakaa wapi. Binti mwenyewe alikuwa mwalimu wa udereva. Siku nzima aliketi kando ya watu wasiojua waendako, mguu wake juu ya breki ya pili, na kazi hiyo ilikuwa imempa macho ya kuona kosa kabla halijatokea. Hakuwa mkali. Alikuwa sahihi tu, na kuishi na mtu sahihi kunachosha vilevile. Utoto wake hakuwahi kuutaja. Yeye na mama yake hawakuwahi kugombana, hali ambayo baina ya mama na binti inatia shaka. Bibi aliamini kwamba chini ya amani hiyo kulikuwa na shtaka lililokunjwa vizuri, na kwamba neno moja la binti, "Mama hakuwepo," lingetosha kumnyang'anya mjukuu, alasiri na kila kitu.

Siku yenyewe ilikuwa zamu ya hadithi ya baiskeli, iliyopendwa kuliko zote. Ukweli alioujua bibi kuhusu baiskeli hiyo ulikuwa mdogo: jioni moja alimkuta binti yake ana kitambaa kwenye kiwiko, akaambiwa ameanguka, akauliza kama panauma, akaambiwa hapana, akaenda kazini. Lakini katika hadithi ilikuwa asubuhi nzuri isiyo na jua kali. Bibi alikuwa ameshika kiti cha baiskeli kwa nyuma na anakimbia, na mtoto anapiga kelele asiachwe.

"Ulivaa nini?" aliuliza Wakili, macho yakianza kulegea.

"Gauni la maua."

"Viatu?"

"Nilikimbia peku."

"Hukukanyaga mawe?"

"Niliyakanyaga," alisema bibi, na kwa kweli aliyasikia nyayoni. "Ila ukimshikia mwanao baiskeli, huna miguu. Una mikono tu."

Wakili hakuwa na pingamizi. Bibi alikuwa anakaribia pale anapoachia kiti bila mtoto kujua, na baiskeli inakwenda, inakwenda, nywele za mtoto zinapepea, yeye amesimama katikati ya njia mikono mitupu na moyo umejaa. Hapo ndipo mjukuu alipoinua kichwa.

"Mama, umerudi."

Binti alikuwa amesimama mlangoni peku, funguo zikiwa zimebanwa kiganjani zisilie. Mwanafunzi wake wa alasiri, ambaye jana yake alikuwa amegonga nguzo pekee iliyokuwa uwanjani, alikuwa ameomba kupumzika. Binti aliingia kama alivyozoea kuingia nyumba hiyo tangu utotoni, bila sauti, na haikuwa rahisi kujua alikuwa amesimama pale tangu lini. Bibi alimtazama usoni akajua: tangu gauni la maua.

Nyundo ya nje ilinyamaza, kama vile fundi naye ametega sikio.

"Mama," alisema Wakili, aliyefurahi kupata shahidi asiyemtarajia, "ni kweli bibi alikushikia baiskeli?"

Bibi alitazama dari. Walifahamiana siku nyingi, yeye na dari hiyo. Kwa pembe ya jicho aliuona mguu wa kulia wa binti yake ukikanyaga sakafu pole pole, mahali ambapo ndani ya gari pangekuwa na breki.

"Sogeeni," alisema binti.

Walisogea. Alipanda na nguo zake za kazi, jambo ambalo katika sheria za kitanda hicho lilikuwa kosa, akalala chali. Sasa walikuwa watatu kwenye kitanda cha mtu mmoja na nusu, bibi katikati, wakitazama juu kama abiria.

"Bibi hakuishika," alisema. "Hakuwa na habari. Alikuwa amelala."

Wakili alimgeukia bibi yake kwa uso wa wakili aliyegundua mbele ya hakimu kwamba mteja wake hakumwambia yote. Aliloliogopa bibi lilikuwa limetokea, na halikuwa na kelele hata kidogo.

"Umenidanganya?"

"Ngoja kwanza," mama yake alimkatiza. "Sijamaliza. Alikuwa amelala, lakini nilimwomba ruhusa."

Kisha, akitazama dari, kwa sauti ileile aliyotumia kuwaeleza watu jinsi ya kurudi nyuma bila kugonga, akasimulia.

Mchana nyumba yao ilikuwa kimya kuliko nyumba zote za mtaa. Yeye na kaka yake walijua kufunua sufuria pasi mfuniko kujua. Kaka alitangaza mpira kwa midomo tu, bila sauti, akihangaika na kutokwa jasho kama watangazaji wa kweli, na bao likiingia walirusha nguo hewani kwa sababu nguo haina kishindo. Hakuna aliyewaambia waishi hivyo. Siku moja tu walimwona mama yao akivua viatu, kiatu kimoja kikamshinda, akalala nacho, wakaelewa.

Halafu waligundua jambo. Ukimwambia kitu akiwa amelala, alijibu. Jibu lenyewe lilikuwa moja, "Mm," lakini kwa watoto wenye shida lilitosha. Mama, tule sukari? Mm. Mama, leo tusioge? Mm. Mama aliyekuwa macho alikuwa mkali, mwenye haraka na mkaguzi wa masikio. Mama aliyelala alikuwa mpole kupita kiasi na hakuwahi kuwanyima kitu. Waliwachukulia kama watu wawili. Waliwapenda wote wawili, ila penye maombi walijua pa kwenda.

"Baiskeli ilikuwa ya jirani," alisema binti. "Nikaja nikasimama hapo kando ya mto ule. Nikamwambia, mama, najifunza baiskeli, sawa? Akasema, mm. Basi nikaenda."

"Ukaanguka," alisema Wakili.

"Kwenye kona ya kwanza. Nikarudi. Sikulia, usidhani nilikuwa shujaa, humu ndani kulia kulikuwa hakuruhusiwi. Nikapanda kitandani, nikalala juu ya mkono wake. Akanivuta bila kuamka, akanibana kifuani, akaendelea kukoroma. Alikuwa ananukia hamira. Hapo ndipo kiwiko kilipoacha kuuma."

Wakili alilipima hilo kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo alikuwepo," aliamua Wakili.

"Alikuwepo."

Hukumu hiyo ilimchosha. Aligeukia ukutani, akavuta shuka, na baada ya muda mfupi pumzi zake zikawa ndefu. Nje nyundo ilianza tena. Pazia lilivimba kwa upepo, likanywea, likavimba, na mwanga wa rangi ya chai ulipanda na kushuka ukutani, na ilikuwa kama chumba chenyewe ndicho kilichokuwa kikipumua.

"Nilidhani mlikuwa peke yenu," alisema bibi hatimaye. Alisema taratibu, kwa sababu ya mtoto, na kwa sababu nyingine.

Binti alifikiri, kwa kuwa alipenda kuwa sahihi.

"Watoto wa mtaani walikuwa wanazunguka kuwatafuta mama zao. Yuko sokoni, yuko kwa fulani, katoka sasa hivi. Sisi wetu tulijua yuko wapi."

Bibi aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyepewa kitu kikubwa mikononi na hajaona pa kukiweka. Machozi yalimtoka kwa pembeni, yakaingia masikioni, na hilo ndilo tatizo la kulia ukiwa chali. Alipoweza kusema tena alianza kuuliza, na aliuliza kama mjukuu wake: kaka alikuwa anatangaza timu gani; sukari walikula kiasi gani; ni nani aliyegundua kwanza kwamba anajibu. Binti alijibu kila swali. Kumbe utoto wake alikuwa nao wote, umekunjwa vizuri, ila hakuna aliyekuwa ameuliza.

"Na mimi sikoromi," alisema bibi.

"Mama. Tulikuwa tunategemea huko kukoroma kama saa. Kukikatika, tunajua unaamka, mmoja wetu anakimbilia kufua sare."

"Labda nilikuwa na mafua."

"Miaka yote hiyo."

Bibi aliona ni busara kuliacha. Kulikuwa na jambo lililomkaa moyoni zaidi. Siku zote za kazi alikuwa akiamka jioni na mikono imekufa ganzi, na siku zote alilaumu unga, meza na vyombo vya bati. Alimlalamikia mumewe. Alimlalamikia daktari, aliyempa dawa ya kuchua.

"Huyo kaka yako," aliuliza, "alikuwa analalia mkono upi?"

"Wa kulia. Wewe ulikuwa unalalia ubavu, sisi tunakugeuza ulale chali ili tupate mmoja mmoja. Mimi wa kushoto."

Bibi aliuchomoa mkono wake wa kushoto pole pole kutoka chini ya shuka, akauinua kwenye ule mwanga wa chai. Ulikuwa mkono wa kawaida, umesinyaa kidogo, na alama za zamani za tanuri karibu na kiwiko. Aliutazama kama unavyomtazama mtu mliyepanda naye basi moja miaka na miaka bila kusalimiana, na leo unaambiwa kumbe ni ndugu yako.

"Huu?"

"Huo," alisema binti yake, na kwa kuwa ulikuwa tayari uko juu, alisogeza mto, akaushusha, akaweka kichwa.